Mgonjwa Aulizwe Uji



Miongoni mwa methali ambazo wanafunzi huzikariri mapema ni ile isemayo: "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni nyepesi. Mtu akiwa kitandani hana nguvu, jirani asisimame mlangoni akimwuliza kama angependa uji. Aupike, ampelekee, anywe. Ni methali ya huruma, nami sina ugomvi nayo inapokaa nyumbani kwake, yaani baina ya jirani na jirani. Ugomvi wangu huanza pale methali hii inapohamia ofisini. Huko hugeuka kuwa kanuni ya utawala: wananchi ndio wagonjwa, serikali na wafadhili ndio wapishi, na uji ni huduma za afya. Uji hupikwa mbali, huletwa, nasi hutakiwa kunywa na kushukuru, uwe wa moto au uwe umepoa.

Katika makala haya nitatetea hoja moja. Wananchi wa Kasese na Bwera wanapaswa kushirikishwa katika kupanga huduma zao za afya katika siku za kawaida, kabla uamuzi haujafanywa, wala si kuitwa tu siku ya hatari ili wapewe maagizo. Sisemi hivyo kwa kuwa kuulizwa humpendeza mtu. Nasema hivyo kwa kuwa mahali kama hapa petu, mpakani, chini ya milima ya Rwenzori na kando ya mito iendayo kasi, kutomwuliza mwenyeji kunaweza kugharimu uhai.

Maneno matatu yasiyofanana

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa lugha, tuanze na lugha. Yapo maneno matatu ambayo watu huyachanganya: kuarifiwa, kuulizwa na kushirikishwa. Ukiarifiwa, jambo limekwisha kuamuliwa, nawe unapewa habari tu. Ukiulizwa, unatoa maoni, lakini aliyekuuliza yuko huru kuyapokea au kuyaacha. Neno la tatu ni zito zaidi. Mzizi wake ni "shiriki", maana yake kuwa na fungu katika jambo. Ukiutia katika kauli ya kutendesha unapata "shirikisha", na katika kauli ya kutendeshwa unapata "shirikishwa". Basi aliyeshirikishwa ni mtu aliyepewa fungu lake katika uamuzi, na mwenye fungu ana haki ya kurudi kesho kuuliza uamuzi ule ulitekelezwa vipi.

Mikutano mingi hutangazwa kwa neno la tatu, ikaendeshwa kwa neno la kwanza. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa afya katika gombolola moja ambamo wageni wa heshima walizungumza kwa muda wa saa mbili. Wananchi walipewa dakika kumi za maswali, na kabla maswali hayajajibiwa tukaombwa kupiga makofi. Kila mmoja wetu alitia saini katika karatasi ya mahudhurio. Bila shaka mahali fulani imeandikwa kwamba sisi tulishirikishwa.

Jambo la kutafakari ni kwamba serikali yetu yenyewe imekwisha kuazima neno la Kiswahili kwa ajili ya kazi hii. Tangu mwaka 2009, Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikisimamia mikutano iitwayo Baraza, ambamo maofisa wa serikali za mitaa hukutana na wananchi na kueleza fedha za umma zimetumikaje. Katika nyumba ya Waswahili wa pwani, baraza ni benchi la mawe au saruji lililojengwa mbele ya nyumba. Mwenye nyumba na mpita njia huketi hapo bega kwa bega, wakazungumza. Hapana jukwaa wala viti vya mbele. Tukiliazima neno, tuazime na ukaaji wake.

Somo la mwaka 2019

Mnamo Agosti 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mlipuko huo ulidumu hadi Juni 2020, nao uliwaua watu zaidi ya 2,200. Wakati wote huo watu waliendelea kuvuka Mpondwe kwa maelfu, wengine wakienda sokoni, wengine shuleni, wengine mazishini, kwa sababu mpaka ule ulipita katikati ya jamaa. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanasikilizana lugha na wanaoana.

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza nchini katika mlipuko huo. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, kutoka familia iliyotoka kumzika mzee wao upande wa Kongo na kuvuka kwa njia ya panya. Alifikishwa Hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, na huko akafariki. Bibi yake naye alifariki Bwera. Mdogo wake wa miaka mitatu, aliyerudishwa Kongo pamoja na jamaa zake, alifia huko. Mwezi Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka tisa aligunduliwa na wapimaji pale Mpondwe, akafariki katika Hospitali ya Bwera. Ni misiba mizito. Hata hivyo, mwaka ule hapakuwa na mtu aliyeambukizwa ugonjwa huo ndani ya Uganda.

Sifa za ushindi huo ziwaendee wengi. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, wahudumu wa afya wapatao 4,700 nchini walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na Bwera palikuwa na kitengo cha kuwatenga wagonjwa. Lakini fikiri pamoja nami, msomaji wangu. Kipima joto kimesimama langoni Mpondwe. Hakiwezi kuona kijia kinachoteremka mtoni Lhubiriha na kupanda ng'ambo ya pili. Anayekijua kijia hicho ni mkulima ambaye shamba lake liko kando yake. Anayejua kwamba nyumba ya tatu imepata wageni usiku ni jirani wa nyumba ya pili. Ndiyo maana wanakijiji waliojitolea, yaani wanachama wa Timu za Afya za Vijiji, wajumbe wa halmashauri za vijiji na wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, walikuwa sehemu ya kinga sawa na chanjo. Wahenga walinena kwamba alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo ya mgonjwa.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, mambo yalikwenda kwa uchungu zaidi. Huko Beni na Butembo wananchi walikuwa wameishi miaka mingi chini ya mauaji ya vikundi vyenye silaha, na wengi waliona kwamba dunia haikuwajali. Ghafla magari mengi yakafika kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2018, upigaji kura katika maeneo yao uliahirishwa, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Watu waliokwisha kukosa imani sasa waliona ugonjwa wenyewe kuwa hila. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na mnamo Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo.

Siwatetei wauaji hata kidogo, wala sidai kwamba tofauti kati ya Bwera na Butembo ni mikutano tu. Kule palikuwa na vita. Huku palikuwa na amani. Ninachosema ni kwamba imani ya wananchi haitengenezwi siku ile mlipuko unapotangazwa. Ama imekuwepo kabla, ama haipo. Nayo hujengwa kwa mambo madogo ya siku za kawaida: dawa ya malaria kupatikana, mama mjamzito kupokewa kwa heshima, swali la mzee kujibiwa.

Baada ya hatari kupita

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu. Hatari ilipokuwa mlangoni, kila mtu alikuwa na haja na mwanakijiji. Hatari ilipopita, mwanakijiji alirudi shambani kwake, naye huitwa tena patakapokuwa na tangazo jingine. Wengi wa wanatimu za afya za vijiji ni watu wa kujitolea wasio na mshahara. Wanajua ni nyumba ipi haina choo na ni mtoto yupi hajamaliza chanjo. Lakini bajeti ya mwaka inapopangwa, ni wangapi kati yao wanaoketi mezani?

Wala sheria haiwanyimi nafasi hiyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Lengo la Kumi la malengo ya taifa, inaitaka serikali iwahusishe wananchi katika kuunda na kutekeleza mipango ya maendeleo inayowagusa. Ibara ya 38 inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya utawala. Ibara ya 41, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile ambazo kuzitoa kungehatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Kila kituo cha afya cha serikali kinatakiwa kiwe na kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, na hospitali iwe na bodi. Na chini kabisa, baraza la kijiji kwa mujibu wa sheria si mwenyekiti na wenzake tisa tu. Ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Mlango upo. Kinachokosekana ni watu kuupita, na wenye ofisi kuuacha wazi.

Je, tukishirikishwa tungesema nini? Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni dawa. Kwa miaka mingi vituo vya afya vya daraja la pili na la tatu vimekuwa vikipokea makasha ya dawa yaliyopangwa mbali, wakati hospitali na vituo vya daraja la nne huagiza vyenyewe. Bohari ya Taifa ya Dawa hupeleka shehena kila baada ya miezi miwili. Mwananchi anapofika dirishani akaambiwa "dawa zimekwisha", hajui kama hazikuletwa, au zililetwa chache, au zilitumika zote kwa haki, au ziliibwa. Kwa kuwa hajui, humshuku mwuguzi aliye mbele yake, ambaye huenda hana kosa lolote. Orodha ya shehena ingesomwa hadharani siku inapofika, mbele ya kamati na wanakijiji, mwizi angekosa kivuli na mwuguzi mwaminifu angepata mashahidi.

La pili ni idadi ya watu. Hospitali ya Bwera iko karibu na mpaka, na wagonjwa kutoka Kongo hutibiwa humo kila siku. Ni jambo la utu, na mwaka 2019 ulituonyesha kwamba ni jambo la usalama pia: mgonjwa anayefukuzwa langoni hatoweki, bali hupitia kijiani. Lakini mgonjwa huyo hahesabiwi katika sensa ya Uganda. Mpangaji anayetazama sensa peke yake ataona watu wachache kuliko wale ambao mkunga wa Bwera anawaona foleni. Mkunga huyo, na mama anayesubiri nyuma ya foleni hiyo, ndio wanaoweza kumsahihisha.

La tatu ni mahali pa kujenga. Hospitali ya Kilembe ilizaliwa katika zama za mgodi wa shaba, karibu na Mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 yaliiharibu vibaya, na yale ya Mei 2020 yakaja kuibomoa tena, ikabidi huduma zihamishwe. Wazee wa bonde lile wanaujua mto wao: unapita wapi ukiwa mpole, na unadai njia ipi ukikasirika. Mhandisi ana vipimo vyake, nasi tunavihitaji. Lakini kabla jiwe la msingi halijawekwa popote wilayani humu, mzee wa bonde aketi naye baraza moja.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba afya ni kazi ya wataalamu, na mkulima hawezi kumfundisha daktari. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Sipendi kura ipigwe kijijini juu ya kipimo cha dawa. Lakini tazama jinsi wataalamu wenyewe wanavyofanya kazi. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Katwe, hapa wilayani Kasese. Wachunguzi walipofika, waliwauliza wagonjwa na wasio wagonjwa wanateka maji wapi. Majibu yakawaelekeza kwenye mahali pamoja pa kutekea maji ufukoni mwa ziwa. Mtaalamu aliye hodari ndiye aulizaye zaidi.

Wengine watasema kwamba mikutano haiponyi mtu. Hao nao wasikilizwe, maana ushahidi una pande mbili. Mwaka 2009 watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson walichapisha utafiti uliofanywa katika vituo 50 vya afya katika wilaya tisa za Uganda. Wanavijiji walipewa takwimu za kituo chao, wakaketi na wahudumu, wakakubaliana mpango wa kazi na kuufuatilia wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa takriban theluthi moja kulinganisha na mahali pasipo mpango huo. Habari hiyo ilishangiliwa duniani. Baadaye utafiti mkubwa zaidi, katika vituo 376 vya wilaya 16, ulijaribu njia iliyofanana na hiyo. Ubora wa matibabu uliongezeka kiasi, lakini upungufu wa vifo haukuonekana waziwazi.

Tusifiche matokeo hayo ya pili. Mimi nayasoma hivi: kikao cha kijiji kinaweza kumfanya mwuguzi awahi kazini, lakini hakiwezi kumletea dawa ambazo bajeti haikuzinunua. Ushirikishwaji unaoishia mlangoni mwa zahanati ni nusu ya kazi. Sauti ya mwananchi inapaswa kupanda kutoka kijijini hadi gombolola, kutoka gombolola hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi Kampala, mahali fedha zinapogawiwa.

Hoja ya tatu ni ile ya muda. Mwanamke anayeteremka mlimani na mtoto mgongoni, mwenye kahawa ya kuanika na maji ya kuteka, atapata wapi saa ya mkutano? Jibu ni kwamba mkutano umfuate yeye. Ufanyike karibu na soko siku ya soko, au baada ya ibada kanisani na msikitini, na uendeshwe kwa lugha anayoielewa. Mkutano wa Kiingereza katika kijiji cha Wakonzo una mlango mwembamba, hata ukifanyika chini ya mwembe.

Nafasi yako, mwanafunzi

Nakuja sasa kwako wewe unayejifunza Kiswahili. Huenda umeambiwa kwamba lugha hii ni somo la lazima katika miaka ya mwanzo ya sekondari, na ukaichukua kama mzigo mwingine wa mtihani. Lakini fikiria wodi moja ya Bwera. Tabibu amepangiwa kazi kutoka Teso au Acholi, na Kikonzo hakijui. Mgonjwa ametoka Beni, na Kiingereza hakijui. Baina yao, lugha iliyo karibu zaidi na wote wawili mara nyingi ni hii unayoisoma. Ukiweza kusema kwa ufasaha "inauma tangu lini?" na "dawa hii imeze baada ya chakula", umefanya kazi ya afya. Ukiweza pia kusema "tunaomba kuiona orodha ya dawa zilizoletwa mwezi huu", kwa adabu na bila kutetemeka, umefanya kazi ya uraia.

Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Angalia maneno yote mawili, haki na wajibu. Ukidai haki ya kuulizwa, jitayarishe kuwa na jibu.

Kwa hiyo nakupa kazi ya juma hili, nayo haihitaji fedha. Uliza nyumbani kwenu: nani anaketi katika kamati ya usimamizi wa kituo chetu cha afya, na ilikutana lini mara ya mwisho? Ukijibiwa "hatujui", mwulize mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Naye akisema hajui, muulizeni pamoja mhudumu mkuu wa kituo, mkimsalimu kwanza na kumpa heshima yake. Kisha andika majibu uliyoyapata katika aya mbili za Kiswahili sanifu, uje nayo darasani. Tukiweka pamoja aya za wanafunzi wote, kutoka Kilembe hadi Mpondwe, tutakuwa na ramani ya vituo vinavyowasikiliza wananchi na vile visivyowasikiliza. Ramani hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwenye Baraza lijalo, nasi tutaomba kiti cha kukalia.